Jina la Kwanza Ukutani

Siku tuliyomchagua Sechelela Mbeleje
sikunyoosha mkono.
Nilikuwa nimeshika ndoo mbili,
ndivyo nilivyomwambia wifi yangu baadaye,
ila ndoo zilikuwa tupu, na pa kuziweka palikuwepo.

Huku kwetu, ukitoka Bahi ukafuata reli
kisha ukaiacha,
maji yako mita mia na kumi chini ya miguu, na yana chumvi.
Uji wake hautiwi kitu.

Kabla yake tulikuwa na mwenyekiti mwenye sauti.
Akikohoa, foleni inanyooka.
Alikuwa na kiti cha plastiki, cha bluu, chenye mikono,
kivulini mwa kibanda cha mashine,
na ndoo za nyumbani kwake hazikuwahi kujua foleni ni kitu gani.
Tulimwamkia mara mbili mbili.
Mashine ilipokufa tukauliza fedha za dizeli ziko wapi.
Naye akatuuliza sisi ni akina nani.

Sechelela alianza na chaki.
Kila jioni, kwenye ukuta wa kibanda:
ndoo ngapi, shilingi ngapi, dizeli lita ngapi,
nani hajalipa.
Jumatatu ya kwanza tulisogea kusoma,
kila mtu akitafuta jina la jirani yake apate la kuchekea.
Juu kabisa, kwa mwandiko wake wa kulala upande:
*Sechelela Mbeleje. Ndoo sita. Deni.*

Mzee Chibago, ambaye herufi hazimjui,
akamvuta mjukuu wake: "Mbona wamenyamaza?"
Mtoto akasoma.
"Hebu soma tena," mzee akasema.

Langu lilikuwa la nne.

Usidhani yaliishia hapo.
Wiki hiyohiyo mke wa Ndahani alimjia juu,
kwa nini mumewe aanikwe ukutani kama mlenda,
akammwagia ndoo nzima miguuni.
Sechelela akatazama viatu vyake vinavyochuruzika.
"Lita ishirini," akasema. "Nitaziandika."
Tulicheka, na aliyemwaga akacheka
huku bado amekunja uso.
Lakini usiku kilabuni wanaume waliendelea kusema
maji yakiongozwa na kanga yatakauka.

Oktoba mkanda wa mashine ukakatika.
Siku mbili tulilamba midomo.
Ng'ombe walisimama mbele ya birika kavu
wakitutazama kama tunawadai.
Yeye aliufunga ule mkanda ndani ya kanga, akaenda nao Bahi kwa miguu
apate wa kufanana nao,
akarudi saa tano usiku juu ya lori la mpunga,
makapi kwenye nyusi.
Hakuhutubia. Alimmulikia fundi kwa simu
mpaka simu ikazima, kisha wakamalizia kwa kupapasa.

Kile kiti cha bluu, nisisahau.
Nyemo alikikalia mimba yake ilipofika miezi minane.
Baadaye kilivunjika mkono,
sasa fundi hukipanda akitaka kufikia tenki.
Sijamwona Sechelela juu yake hata siku moja,
ingawa pengine ni miguu tu iliyozoea kusimama.

Alfajiri mashine ikakohoa, ikashika.
Tukakimbia na madumu, tukapanga mstari mpaka kwenye michongoma.
Mimi nilichelewa. Nikawa wa mwisho,
halafu nikasikia ndoo ikitua nyuma yangu.
Ni yeye. Macho mekundu, mikono bado ina grisi.
"Pita mbele," nikamwambia.
Akatikisa kichwa,
hana nguvu hata ya kunieleza kwa nini.

Nimemzidi miaka kumi na moja.
Shikamoo ni yake kunipa, na hunipa.
Asubuhi ile ilinitoka mimi kwanza,
kwa lugha ya mama yangu, bila kuipanga:
"Mbukwa, mwenyekiti."

Akageuka kutazama
ninamsalimu nani.
Nyuma yake palikuwa na vumbi, na njia ya Bahi,
na nyayo za viatu vyake zikija upande wetu.