Pembe Iliyokunjwa

Nyanzobe hukunja pembe ya ukurasa pale usingizi unapomshika.
Nesi wa zamu ya usiku, Bugando, wodi ya mifupa:
saa tisa, mgonjwa wa mwisho akishaacha kuguna,
hufungua daftari langu chini ya taa ya mezani
na kusoma riwaya ambayo hakuna mwingine anayejua kama ipo.

Aliponirudishia daftari la kwanza
nilihesabu mikunjo. Saba.
Na yote saba mwishoni mwa sura.

"Sikuwa nimechoka," akasema. "Wewe ndiye uliyeniruhusu."

Usiku ule nilisoma miisho yangu, peke yangu, nikiona haya.
Sura ya kwanza: *kisha akazima taa, akalala.*
Ya pili, akalala.
Ya tatu alilala akilia, nikadhani hiyo ni tofauti.
Ya nne niliifunga kwa methali, kama kanga,
msomaji ajifunge kiunoni aende zake.
Ya tano nilikuwa mgeni aliyekwisha kuaga, akavaa viatu,
kisha akasimama mlangoni nusu saa
akirudia mazungumzo ya sebuleni.
Ya sita mtu alifyatua bunduki.
Kitabu kizima hakina bunduki nyingine.
Ya saba tuiache.

Na mimi ni fundi cherehani!
Miaka kumi na tisa hapa Igogo, mawe juu ya paa, mawe chini ya sakafu,
nashona sare za shule, na kila mwanafunzi wangu wa ushonaji
namwambia siku ya kwanza:
ukingo unaosubiri kuunganishwa na kipande kingine
haukunjwi pindo.
Uache na nyuzi zake zikining'inia.
Mkono ulijua. Kalamu haikuwahi kuuliza.

Jumanne nilishuka gati la Kamanga
kupakia robota la sketi za bluu kwenda Sengerema.
Mlango wa chuma wa kivuko ulikwisha kuanza kupanda
mwanamume mmoja alipojipapasa mifuko,
shati, suruali, shati tena,
kuku kwapani akimtazama kama karani wa mahakama.
Akapaza sauti juu ya injini:
"Milembe! Ufunguo!"
Kule ndani, kati ya lori la saruji na baiskeli,
mwanamke mwenye mtandio wa kijani
akainua mkono, kama mtu anayesalimia.

Maji yakaanza kuongezeka kati yao.
Hatua moja. Kitanda. Chumba kizima.

Nilitaka kubaki nione.
Sikuwa na haraka, mzigo umeondoka, jua bado dogo.
Lakini kitu fulani kikanigeuza mabega,
nikapanda zangu kilima na swali likinichoma kisigino
kama kokoto ambayo mtu hataki kuitoa.

Nikaandika. Na mazoea ni mwajiri mkali:
nikamngojesha yule bwana hadi safari ya jioni,
nikampatia ufunguo wake, nikamfungulia mlango,
nikamlisha ugali na sato,
na, Mungu anisamehe, nikamlaza.
Ukurasa mmoja na nusu.

Nikachukua mkasi, ule mkubwa wa khaki.
Nikatafuta mahali.
Si kwenye maji, maji yalikuwa yakijisifu.
Juu zaidi.
*Akainua mkono, kama mtu anayesalimia.*
Hapo. Karatasi ikalia mlio uleule wa kitambaa.

Alhamisi, saa moja asubuhi, mlango ukagongwa.
Nyanzobe, na viatu vyeupe vya zamu,
vumbi la kilima hadi magotini, kwao hajafika.
Daftari limefungwa, kidole chake kimo ndani.
Hakunisalimia.

"Alisikia, au hakusikia?"

Nikamvutia kigoda,
na kwa mguu, taratibu,
nikalisukuma kapu la vipande chini ya cherehani.