Saa Kumi na Robo

Jana jioni niliiandika tena kwa mkono wangu,
tarakimu kwa tarakimu, nukta kwa nukta,
nikabonyeza Sawa, nikazima taa.
Asubuhi imerudi ile ya zamani:
kumi, nukta, nane, nukta, sifuri, nukta, moja,
imekaa palepale kama mpangaji asiyelipa.

Nayo haijibu. Naiuliza benki iko wapi, kimya.
Naiuliza kama theluji itaanguka, kimya.
Mtandao upo, taa za ruta zinapepesa kijani;
ni majina tu yaliyopotea njia,
kama posta yenye barua na mpeleka barua
lakini hakuna anayejua nani anakaa wapi.

Miaka thelathini na moja nilitengeneza nyaya za tramu
hapa Daugavpils, juu ya ngazi, vidole vikifa ganzi.
Hitilafu naijua. Ina adabu zake:
ina mahali pake, ina saa yake,
ukiivumilia itajitaja.
Hii haikujitaja.

Nikachomoa ruta, nikahesabu hadi sitini, nikachomeka.
Nikabadilisha namba ndani ya ruta yenyewe.
Nikapigia kampuni: muziki, dakika arobaini,
kisha binti mpole akaniuliza
kama nimejaribu kuchomoa ruta.
Bronislava wa chini akapanda na keki ya jibini,
akasema huyo ni mdudu,
akasogeza kiti mbali na kompyuta
kana kwamba atarukiwa.
Nikamsaka mdudu usiku kucha. Hayupo.

Usiku wa tisa nikafanya kama enzi za tramu:
nikakesha na hitilafu.
Chai kwenye chupa, soksi mbili mbili.
Saa tisa, namba yangu ipo.
Saa kumi, ipo.
Saa kumi na robo dirisha jeusi
likafumbuka katikati ya kioo, likafumba,
upesi kuliko kope,
na ile ya zamani ikawa imeshakaa.

Basi kuna ratiba.
Nikaifuata hadi kwenye orodha ya kazi
ambazo mashine hujifanyia bila kutumwa,
na kati ya majina marefu yasiyosomeka
fupi moja: tetis.
Ndivyo tunavyomwita baba,
ila e yake huvaa kistari kichwani
na hii haikuvaa; iliandikwa na mtu mwenye haraka.
Tarehe: Agosti, miaka sita nyuma,
wiki ile Ainis alipofunga begi kwenda Cork.

Mwaka ule matapeli walinichota pensheni ya miezi miwili
kwa ukurasa wa benki usio wa benki.
Alikaa kwenye kiti hikihiki, koti mwilini, teksi ikimngoja,
akasema, Sasa, Baba, hawatakupata.
Sikuuliza amefanya nini.

Nikampigia. Nyuma yake mtoto analia, maji yanachemka.
"Programu gani?"
Nikamweleza. Akanyamaza, kimya kilekile cha namba.
"Aa, ile seva! Niliizima mwaka jana, ilikuwa inakula hela.
Nilisahau kabisa. Ifute tu, Baba."

Miaka sita, kila alfajiri,
hata ile baridi iliyopasua mabomba,
kitu kiliamka saa kumi na robo
kuhakikisha naelekea mahali salama,
kisha kikalala.
Nacho hakikuambiwa
kuwa nyumba kinayonielekeza ilishafungwa.

Nimeifuta. Mimi ni fundi,
siwezi kuishi na waya uliokatika.
Benki imefunguka. Theluji, wanasema, Alhamisi.
Namba ile nimeinakili kwa penseli nyuma ya kalenda,
juu yake nimeandika lile jina,
na kistari nikakiweka.

Bronislava ameniuliza ngazini kama yule mdudu amekufa.
Nimesema ndiyo, amekufa.
Sahani yake nitairudisha kesho.