Kuhamia Winguni

Hoza kaja na ratiba:
Ijumaa tunafunga hesabu, Jumamosi tunahamisha,
Jumatatu tuko winguni.
Duka la saruji na mabati,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
liko winguni!
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kompyuta ya zamani iko chini ya meza,
imefunikwa kitambaa alichofuma mke wa bosi,
inakoroma kama paka mwenye pumu.
Umeme ukikatika husahau tarehe,
hurudi mwaka elfu mbili na nne,
nami huikumbusha, taratibu, kila asubuhi.

"Kipi kiende, kipi kibaki?"
Tunapitia wadaiwa, jina kwa jina.
Mhina, misumari: kalipa.
Mama Zaituni, rangi madebe mawili: atalipa, namjua.
Kihiyo, saruji mifuko sita.

Saruji ile ilijengea kaburi la mkewe.
Mwaka jana, kando yake, tukamlaza naye.

"Tufute?"
Dawa ya deni kulipa, husema bosi,
lakini bosi yuko Korogwe leo,
na kidole changu kimeganda juu ya kitufe.

Mhamishe, nasema.
Huko juu
yeye ndiye mwenyeji.