Kulabu ya Dzintra

Chini ya ghorofa la zamani, Liepāja,
dirisha likiwa nusu theluji,
Ilgvars analehemu mabomba ya shaba.

Zamani alikilaza kichomeo cha gesi sakafuni
kama mbwa aliyezoeana naye.
Siku moja kikabingirika, polepole,
kikalamba gunia, kikalamba suruali,
na muundi wa kushoto ukabaki na ramani.

Dzintra hakugomba. Alikata spoki za baiskeli,
akazikunja duara, juu akaacha kulabu:
"Hata moto upewe msumari wake."

Sasa kinaning'inia ubavuni mwa ngazi,
koo limefungwa, mdomo ukitazama hewa tupu,
ungali moto.
Ilgvars anapangusa lehemu,
ananyoosha mkono bila kugeuka.

Kipo.