Kuuliza Bila Kukwaruza

Debrecen, Februari, barafu imeshika dirisha.
Mchungaji Kerekes ameingia na koti lake la mvua,
kifuani kakumbatia kitu ndani ya taulo la jikoni
kama aliyebeba kuku asiyetaka kumuuza.

"Hamtakikata?" Mara ya tatu sasa.
"Hatukikati."
"Wala kukikwangua? Hata unga wake kidogo?"
"Hata unga."

Taulo likafunguka: kikombe cha Meza ya Bwana,
fedha iliyovishwa dhahabu,
ukingo umelika kwa midomo ya miaka mia tatu.

Nakisimamisha mbele ya tundu jembamba kuliko punje ya ulezi.
Nyuma ya ukuta mtambo unavuma.
Protoni zinafukuzwa bombani, ndani ya utupu,
mbio juu ya mbio,
zikatokeza hewani urefu wa ukucha tu,
ncha ya zambarau,
zikapiga hodi.
Na kila chembe mle ndani, ikishtuliwa usingizini,
hutaja jina lake.
Haijui kutaja la jirani.

Lisemwalo lipo, tumezoea kusema.
Humu chini, lililopo husema.

Vilele vinachomoza kwenye skrini.
Fedha, ndiyo. Shaba, kiasi. Dhahabu,
na zebaki nyuma yake: pumzi ya sonara
aliyeipaka kwa moto, akavuta moshi wake.
Mchungaji anaitikia kwa kichwa
kana kwamba nasoma orodha ya waliobatizwa.

Nageuza kikombe. Kushoto mwa ukingo,
mahali jicho halioni mshono:
nikeli.
Zinki. Shaba tele.
Narudia kipimo. Nikeli.

"Hapa pana kiraka," namwambia. "Madini ya bei ya chini.
Aina hii walitengenezea uma, vijiko."

Kimya.
Akakaa, koti bado limefungwa vifungo vyote.

"Vijiko vilikuwa sita," akasema, "vya harusi ya mama.
Mwaka arobaini na tano, vita vilipopita kwetu,
vikabaki vitano.
Baba ndiye aliyekuwa mchungaji. Hakusema neno.
Mama akamfukuza Piroska, mtumishi wetu,
msichana wa miaka kumi na sita,
alfajiri, theluji ikiwa hivi hivi.
Mimi nilishika mlango."

Mtambo ukaendelea kuvuma, haukuwa na la kuongeza.

Nilikipima tena kabla hajaondoka:
gramu zile zile, hakuna doa, hakuna alama.
Akakifunga taulo taratibu, akaacha ukingo nje,
akaugusa kwa kidole gumba pale kushoto.
"Bibi Etelka, huyo Piroska alikuwa na jina la ukoo.
Sikuwahi kuliuliza."

Usiku nikajaza fomu.
*Hali ya kifaa baada ya kipimo:* haikudhurika.
Safu iliyofuata, *Maelezo mengine*,
niliitazama mpaka wino ukakauka kwenye kalamu.