Sisi ya Pili

Makao makuu wametuma kisanduku cha kujaza kwenye kompyuta:
"Toa unachokijua. Sisi ni familia moja, nchi sitini na moja."
Vizma, miaka ishirini na sita chini ya ardhi ya Riga
baina ya boila na mashine ya kupigia shuka pasi,
akavaa miwani, akaandika neno moja:
Sabuni.
Akaivua miwani.

Ya kwake yamo viganjani.
Bomba la nne likikohoa, liache; likinyamaza, kimbia.
Unyevu ukipanda kutoka mto Daugava
mashine hutafuna pindo, basi ilishe shuka kwa ubavu.
Haya amwambie nani? Familia gani
isiyojua hata jina la mbwa wake?

Ndipo akaja Nenita wa hoteli ya Cebu, kwa miezi sita,
beji ile ile, nembo ile ile kifuani,
na meza ya peke yake saa ya chakula.
Sikumkaribisha. Nakiri.
Nilisogeza kiti, kidogo tu, upande wa Vizma.

Usiku wa harusi ya akina Ozoliņš
vitambaa arobaini vya meza vilishuka
vimelowa supu ya bitiruti.
Nenita akafungulia maji ya moto.
Mlangoni Vizma alikuwa anahesabu,
na nilijua anahesabu nini:
doa likishapikwa halitoki,
na kosa lingeandikwa kwa jina la mgeni.

Kisha akaingia. Akafunga bomba.
Akachovya mkate mweupe kwenye maji baridi,
akaulaza juu ya doa, ukanywa wekundu
kama mtu aliyefunga siku tatu.
Hakusema kitu. Nenita akachukua kipande cha pili.
Nami, kwa aibu, cha tatu.

Alfajiri Nenita akatulipa: kutu, alisema,
dawa yake ndimu, chumvi, na jua la mchana.
"Jua?" Vizma akaligeukia dirisha la Novemba.
Tukacheka hadi boila ikashtuka.

Kwao, alitueleza, "sisi" ni maneno mawili:
kami, mlango umefungwa, wewe uko nje;
kita, na wewe umo.
Vizma akauliza ile ya kompyuta ni ipi.

Ripoti ya robo mwaka imefika.
Riga, maarifa yaliyotolewa: neno moja.
Kambani vitambaa arobaini, vyeupe.
Na mkate umetuishia.