Daftari la Choo

Kapita Cirimwami ana daftari la jalada la bluu,
amelifunga kwa uzi kwenye msumari wa mlango,
na kalamu nayo kaifunga, isije ikatoroka
kama anavyodhani tunatoroka sisi.
Ukienda choo, andika. Ukirudi, andika.

Nsimire, saa mbili na robo.
Nsimire, saa tatu kasoro tano.
Nsimire, saa tatu na nusu.
Nsimire, tena.
Hilo "tena" aliliandika mwenyewe, kwa wino mwekundu.

Mwanangu, hujapata jina, hujapimwa uzito,
lakini tayari una maandishi katika mji wa Bukavu:
kila mstari hapo ni wewe umenikalia kibofu.

Tunapika sabuni, mtaa wa Industriel.
Mawese yanachemka ndani ya pipa,
soda ya kuunguza inamiminwa,
na mvuke wake hauulizi nani ana mimba.
Mwezi wa tatu nilifunga kitenge mdomoni.
Mwezi wa tano nilikikunja mara mbili.
Glavu ni jozi moja kwa watu wanne;
ya kushoto ina tundu kwenye kidole gumba,
na tundu hilo tumegawana
kama majirani wanavyogawana chumvi.

Asubuhi nashuka kutoka Cimpunda gizani.
Jioni napanda gizani, mlima ule ule,
ila jioni mtu ameuongeza.
Katikati ni saa kumi na mbili za kusimama.
Nesi alinibonyeza mguu, kidole kikaacha shimo,
shimo likakaa, kama kwenye fufu.
"Keti," akasema, "uinue miguu."
Niketi wapi, dada?
Kiwanda kizima kina kiti kimoja
na Cirimwami yuko juu yake.

Nilikiomba. Akasema kiti huleta usingizi,
na usingizi huleta ajali.
Nikamwonyesha sakafu, mafuta na maji,
pale Faida alipoteleza na ndoo mwezi uliopita
hadi leo mkono wake haunyooki.
Akasema, Faida hakuwa macho.

Ni Mama Nabintu aliyeanza.
Hana mimba; ana wajukuu sita.
Nilipoandika jina langu, akaweka mwiko chini,
akaandika lake chini ya langu, polepole,
herufi moja moja, kama anayepanda maharage.
Kisha Mugoli.
Kisha Zihindula, mkata miche,
kijana anayekojoa mara moja kwa siku akipenda.
Saa tano na dakika kumi, watu kumi na mmoja,
foleni hadi kwenye magunia,
kuni zimevutwa nje, pipa limenyamaza.
Hakuna aliyecheka. Faida ndiye aliyecheka,
akaziba mdomo kwa ule mkono wake.

Siku ya nne daftari liliisha.
Cirimwami akalipindua, akalitikisa
kana kwamba karatasi tupu ingeanguka.
Hata jalada la nyuma lilikuwa limejaa.
Ofisi ikasema haina fedha ya daftari jipya.

Jumatatu nilikuta kreti ya bia imepinduliwa
kando ya dirisha, mahali pa kufungasha,
ambapo upepo wa ziwa unafika kidogo.
Sijui nani aliiweka.
Hakuna aliyesema keti.
Niliketi.

Sitakudanganya: saa bado ni kumi na mbili.
Tundu la glavu liko pale pale.
Mugoli amekatwa siku mbili za mshahara
kwa kosa ambalo halikutajwa,
na ninapompa sambaza za jioni anasema ameshiba.

Daftari nimelichukua. Liko chini ya godoro,
pamoja na kofia yako na shuka la manjano.
Ukijua kusoma utaniuliza
watu hawa wote waliugua nini siku ile.

Sasa sogea kidogo, wewe, upande wa mbavu.
Nakwenda choo,
na leo siandiki.